Sifuri Iko Mdomoni mwa Kisima

Taabu ilinianza mwaka 2013, nikiwa na miaka hamsini na minane, ndani ya kisima nilichokuwa nachimba mwenyewe nyuma ya nyumba yangu, Busunzu. Mchana kweupe ukuta ulikatika, udongo ukanifukia hadi mapajani. Msaidizi nilikuwa nimemkataa. Nimechimba visima Kibondo nzima, shule niliishia la pili. Nani anifundishe udongo?

Mke wangu na mpangaji wetu, mwalimu wa fizikia aliyehamishiwa huku kutoka Moshi, waliniteremshia kamba. Nikaifunga kwapani, wakavuta. Miguu ikachomoka, nikapanda kidogo, nguvu zikawaishia. Nikarudi chini, udongo mwingine ukaporomoka, ukanishika tena. Mke wangu akakimbilia mashambani kuita wanaume.

Mwalimu alibaki juu. "Mzee, usifumbe macho! Ongea na mimi."

"Ongea wewe uliyesoma."

Akasema nilikuwa kama elektroni, kile kichembe cha umeme kinachoshikwa na kiini ndani ya atomu. Nishati yake, akasema, ni hasi.

"Hasi ndiyo nini? Imekufa?"

"Hapana, mzee. Sifuri tunaiweka hapa nje, mbali, ambapo kiini hakiwezi tena kuikamata. Iliyoshikwa iko chini ya sifuri. Mpaka ipewe nishati ya kufidia kina chote ndipo itoke."

"Mbona mimi natapatapa humu? Nguvu ninazo."

"Na yenyewe inakimbia. Ila kifungo kimezidi mbio zake. Ukijumlisha, bado hasi."

"Ikipewa pungufu?"

"Inapanda, halafu inarudi."

"Ego," nikamjibu kwa Kiha. Ndiyo. Hilo lilikuwa limenipata muda mfupi tu kabla.

Udongo ulizidi kudondoka mabegani. Mimi si mtu wa kuomba. Siku ile niliomba kwa sauti, watu wakanisikia wakiwa bado njiani. Wakaishika kamba wote, wakavuta bila kupumzika, nikatoka, nikaanguka kwenye nyasi.

"Sasa mzee umefika sifuri," mwalimu akasema, anacheka huku machozi yanamtoka.

"Sifuri ni wewe, unayelala kwenye nyumba yangu!"

Wanaume wakaangua kicheko.

Siku hizi vijana wangu wakichimba, mmoja yuko chini, watatu wako juu na kamba. Nina nyumba tatu za bati, shamba la mihogo na maharage, kiwanja Kasulu mjini, ng'ombe wanne, pikipiki moja na miguu miwili, wa kulia hauna nguvu.