Mbwa wa Mama na Kifua Changu

Mbwa yule hakuwa wetu. Wapangaji wa chumba cha uani walihama wakamwacha, jike wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililochanika. Masika yalipoanza akaja kujibanza mlangoni kwetu. Tulikuwa tunaishi wawili, mimi na mama, chumba na sebule, katika nyumba ya zamani Kariakoo iliyobanwa na maghorofa pande tatu. Mwaka uliotangulia mama alipata kiharusi. Upande wa kulia ulilegea na maneno yakampotea. Siku nzima ungepata "maji" na "basi", ukibahatika. Siku ile alimtazama mbwa akilowa, kisha akasema, polepole lakini vizuri kabisa, "Wewe, njoo ndani, utaumwa."

Nilienda jikoni nikalia. Ningemfukuzaje tena?

Mwenye nyumba, bibi wa Kiarabu aliyekaa vyumba vya mbele, alitoa sharti moja tu: mbwa asikanyage koridoni kwake, kwa sababu ya swala. "Ilimradi mama yako anaongea, mwanangu," aliniambia, "mimi nitanyamaza."

Nilikuwa na fremu ya kuuza vifungo, zipu na nyuzi mitaa miwili kutoka nyumbani. Mchana niliporudi kumlisha mama, nilimsikia tangu mlangoni akimweleza mbwa habari za Masasi, za mikorosho, za baba. Nikiingia, ananyamaza. Iliniuma. Nilimhudumia mimi, nikamgeuza na kumwogesha mimi, na maneno akampa mbwa.

Mwezi wa pili tangu mbwa aje, nikaanza kupiga chafya mfululizo. Macho yaliwasha mpaka yakavimba. Kisha kifua kikabana, kikawa kinapiga miluzi nikipanda hata ngazi tatu. Wateja waliniuliza kama nimelia. Nilipokosa pumzi dukani nikiwa nimeshika boksi la nyuzi, nilifunga nikaenda zahanati.

Daktari alisikiliza mgongo wangu kwa muda. "Nyumbani mna mnyama?"

"Mbwa."

"Inawezekana ni aleji ya mbwa. Inawezekana pia ni vumbi la dukani, au unyevu. Ukuta wenu una ukungu?"

"Paa linavuja. Ukuta wa chumbani ni mweusi."

"Basi siwezi kukuhakikishia. Kipimo chake hapa hatuna. Mtoe mbwa mwezi mmoja, tuone."

Sikumtoa. Nilimwogesha kwa sabuni kila Jumamosi, nikahamishia godoro langu sebuleni, nikatundika pazia kati yetu. Mama hakuambiwa kitu, lakini nilimsimulia mwenye nyumba ya daktari pale mlangoni, na masikio ya mama hayakuwa na kiharusi. Asubuhi moja nilikohoa nikimvalisha, mpaka nikakaa chini sakafuni. Alinishika bega kwa mkono wake mzima.

"Mtoe."

"Nani, mama?"

"Unajua. Mtoe. Ukifa wewe, nibaki na nani?"

Nilimpeleka Magomeni, kwa mlinzi wa ghala la mbao, mtu wa kwetu niliyemfahamu kanisani. Mbwa alikaa miguuni kwangu ndani ya bajaji, ametulia, kama tunaenda matembezini. Mama alikuwa ameangalia ukutani tulipotoka.

Nilifua mapazia, nikaanika magodoro, nikasugua sakafu. Wiki mbili baadaye kifua kilifunguka. Lakini wiki hizohizo mvua zilikatika na mwenye nyumba akaziba paa, ukuta ukakauka. Kwa hiyo hata kupona kwangu hakukuniambia kitu. Mama naye alirudi kwenye ukimya wake. Jioni tu, nikimpa uji, aliuliza neno moja: "Anakula?"

"Anakula, mama."

Mwezi ulipoisha nilimwambia daktari kwamba huenda ni mbwa, huenda ni ukuta. Akasema, "Mrudishe basi. Dalili zikirudi, tutajua." Sijawahi kufurahia shauri la daktari namna ile. Nilienda Magomeni moja kwa moja, na kamba mpya mkononi.

Mlinzi aliponiona alisimama, akavua kofia.

"Dada, nisamehe. Alikata kamba siku ya tatu. Nilizunguka mpaka Jangwani, sikumwona. Nikaona haya kukupigia."

Sikumgombeza. Nilizunguka mitaa ile mpaka alasiri, nikiuliza wauza mkaa, mama ntilie, watoto wanaotoka shule. Kila mmoja alikuwa ameona mbwa wa kahawia, na kila mmoja alinionyesha upande wake.

Jioni mama aliuliza kama kawaida. Nikasema, "Anakula. Amenenepa hata."

Alinitazama muda mrefu, uji ukipoa kwenye kijiko. Kisha akafumba mdomo, na hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine.

Vuli ilipoanza, kiraka cha paa kilibanduka, ukuta ukalowa upya na kifua changu kikabana. Sikurudi zahanati, sikutaka mtu aniambie ni nini. Nilikuwa nakunja nguo zake nilipoanza kukohoa, nikageuka, nikamkuta ananiangalia.

"Ni mafua tu, mama," nikasema.

Akafumba macho. Alifariki mwezi wa kwanza, mchana, mimi nikiwa dukani.