Sarafu za Mzee Chungu

Umma unatangaziwa kwamba Dawati la Uchunguzi wa Sarafu la Makumbusho, tangu siku lilipozinduliwa, halijapitisha sarafu bandia hata moja wala kukataa ya kweli hata moja. Tangazo hilo limechapwa kwa herufi nene, likatiwa fremu na kioo, nalo linaning'inia juu ya benchi la wanaosubiri, mahali ambapo aliyekaa hawezi kulisoma bila kuumia shingo. Mzee Chungu alilisoma akiwa amesimama. Lilimfurahisha mno.

Chungu si jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mchimba visima, na ujanani mwake, chini kabisa ya kisima kimoja, sururu yake ilivunja shingo ya chungu kilichojaa sarafu za kale. Aliwahi kuchota konzi moja tu. Ukuta wa kisima ukaporomoka, akavutwa juu kwa kamba akiwa nusu mfu, na mwenye kiwanja akaamuru shimo lifukiwe. Tangu hapo alisimulia habari za chungu, na tangu hapo hakuaminiwa. Sokoni kulikuwa na watu waliouza sarafu za kale zilizotengenezwa juzi, na kila mtu alijua konzi kama ile hupatikana kwa nani. Mkewe alimwamini kwa mwaka mzima, jambo ambalo katika ndoa si haba.

Kwa hiyo uzeeni hakutafuta utajiri. Alitaka mtu mmoja mwenye koti jeupe aseme, mbele ya shemeji yake, kwamba yeye si mwongo. Shemeji, kaka wa mkewe, alialikwa kuwa shahidi, akaja mbio.

Sasa, mchimba visima wa kweli hakabidhi kazi chafu. Maji ya kwanza humwagwa, mawe ya ukutani husuguliwa, ndipo mwenye kisima huitwa aje kuonja. Mzee Chungu aliona kuwapelekea wasomi sarafu zilizojaa ukoko wa kijani ni utovu wa adabu. Siku moja kabla ya safari aliketi uani, akazipaka ndimu na majivu, kisha akazisugua kwa brashi ya waya, ileile ya mawe ya kisima, mpaka mfalme aliyechorwa juu yake akabaki bila pua.

"Unazipeleka kuposa?" mkewe aliuliza akipita na ndoo.

"Nazipeleka kwa watu."

Ukoko ule ulikuwa umechukua karne nyingi kujijenga. Uliondoka kabla chai haijapoa.

Mchunguzi alikuwa na wanafunzi siku hiyo, wamemzunguka kama nzi kwenye kidonda. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umezitoa wapi hizi?"

"Kisimani. Chini kabisa."

"Kumbe kisima nacho kina duka."

Wanafunzi walicheka. Shemeji alicheka zaidi yao, kwa kuwa alikuwa na mazoezi ya miaka mingi.

"Tazameni," mchunguzi aliwaambia wanafunzi. "Shaba iliyolala ardhini hujenga ukoko. Hizi zinang'aa kama meno ya bwana harusi. Halafu papaseni maandishi. Sarafu ya kale iligongwa kwa nyundo, kingo za herufi zake ni kali. Ya kuiga humiminwa kwenye kalibu, herufi zinatoka laini kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Hizi zikoje?"

"Laini," walisema.

Akaweka moja kwenye mizani. "Na nyepesi. Fundi wake alibania shaba."

"Nilizisafisha," alisema Mzee Chungu. "Jana tu. Zilikuwa chafu."

"Kila anayeleta hapa amezisafisha, mzee wangu. Ndilo somo la kwanza huko sokoni."

"Muulizeni na chungu kiko wapi," shemeji alidakia. "Nacho alikisafisha mpaka kikaisha."

Mchunguzi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza mzee, polepole na kwa sauti ya juu kama watu wanavyozungumza na wagonjwa, kwamba kwa faida ya umma kila sarafu bandia hupigwa chapa kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe.

"Nirudishie hivyohivyo tu, baba. Siziuzi."

"Ni kanuni, mzee."

Akachukua chapa ya chuma na nyundo, akazigonga moja baada ya nyingine, juu ya uso wa mfalme: NAKALA. Mzee alisimama mikono nyuma. Kila nyundo ilipotua, kope zake zilifumba. Mwanafunzi mmoja aliomba ajaribu, akaruhusiwa, akaipiga vibaya, ikabidi irudiwe.

Nyumbani, mkewe hakumuuliza yeye. Alimuuliza kaka yake.

"Wamesemaje?"

"Hawakusema, dada. Wameandika."

Akamwekea sarafu moja mezani. Mke wa mzee alifuatisha herufi kwa kidole mpaka mwisho, akaisukuma kando ili apate nafasi ya sahani.

Watoto wa mtaani waliacha kumwita Chungu. Wakamwita Nakala, naye akaitika. Mara moja aliomba kamba na watu wawili wa kumshusha akachimbe palepale kisimani, wakamwambia akapumzike. Mwishoni alikuwa akisema pengine aliota; shimoni hewa ni kidogo, mtu huona mengi. Hilo ndilo neno lake la kwanza kuaminiwa na familia nzima.

Alipozikwa, shemeji alipewa nafasi ya kusoma wasifu. Alisema marehemu alikuwa mtu halisi, akasubiri watu wacheke, wakacheka. Mjane hakutaka zile sarafu ndani ya nyumba. Alizitoa kwa Makumbusho, nayo yakamshukuru kwa mchango wake katika kuelimisha jamii dhidi ya utapeli.

Mwaka uliofuata mafundi wa mabomba walifukua kiwanja kile, wakakuta chungu kilichovunjika shingo. Wataalamu wa Makumbusho walikitoa kwa uangalifu, wakazisafisha sarafu zake kwa dawa maalumu, wakaziweka kwenye kabati la kioo pembeni ya kabati la kufundishia bandia. Wanafunzi wanaoletwa huko huulizwa wataje tofauti kati ya sarafu za makabati hayo mawili. Jibu linalopewa alama ni kwamba zile za upande wa kushoto zimeandikwa NAKALA.