Kupe wa Chewa: Safari Yangu ya Bagamoyo kwa Ajili ya Nyanzala

Niliondoka kwetu kwa sababu mke wangu, Nyanzala, alikuwa amefungiwa katika ua wa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, kwa shauri la kuua watu wawili. Waliomtia humo nawataja mapema, msije mkadhani nawaonea haya: Lukas Mhoja mwenye duka, na shemeji yake Petro, karani wa baraza. Shule nilikaa mwaka mmoja na nusu tu, lakini majina hayo mawili najua kuyaandika.

Mambo yalikuwa hivi. Kijiji chetu ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula. Wakati wa palizi tuliwaita majirani waje kutusaidia shambani, na desturi ni kwamba mwenye shamba huwapikia. Nyanzala alinunua kwa Lukas ng'onda wa pwani, vipande vya samaki aitwaye chewa, vilivyotiwa chumvi na kuanikwa. Akaviloweka kwenye beseni, akapika na ugali wa mtama. Tulikula wanaume tisa. Wanawake kwetu hula baadaye, na kabla zamu yao haijafika sisi tulikuwa chini tunatapika. Ndugu yangu Ndalahwa alikufa jua halijazama. Mzee Shija, jirani yetu, akafuata kesho yake. Mimi nilitapika siku tatu, koo linawaka kama nimemeza kaa la moto, nikapona. Vidole vya miguu vina ganzi mpaka leo ninapoandika.

Petro alikuja kutazama. Akaona kwenye lile beseni la kulowekea vitu vyeupe, bapa, kama kucha za mtoto, vinaelea. Akawaita watu.

"Tazameni, minyoo. Amewalisha minyoo yenye sumu, na yeye mwenyewe hakuonja."

Neno hilo la kutoonja ndilo lililommaliza mke wangu. Kila mtu alijua kuwa wanawake hula baadaye, lakini siku ile wote walisahau. Mwanangwa akalitwaa gunia la Lukas pamoja na samaki waliobaki ndani yake, akalifunga kamba liwe ushahidi, akasema mtemi atakuja kusikiliza shauri mwezi ukiandama. Nilikuwa na siku kama ishirini.

Siku ya kuondoka nilipita kumuaga Nyanzala. Nilimkuta anachambua kunde za mke wa mwanangwa, kwa maana hata mfungwa hawakumwacha akae bure.

"Unakwenda wapi na miguu hiyo?"

"Pwani. Kuuliza wale wadudu ni nini."

"Na wakikwambia kwamba wanaua?"

"Nitarudi nikwambie."

"Angalau hunidanganyi. Nenda, baba Holo."

Igalula nilipanda treni daraja la tatu. Miguu ilikuwa imevimba, nikakaa juu ya mzigo wa mtu mwingine mpaka mwenyewe akachoka kunifukuza. Tulipita Manyoni, tukapita Dodoma kwenye vumbi lake. Baba yangu aliikanyaga njia hii kwa miguu akiwa hamali, pembe begani, miezi mitatu kwenda, na kila alipohadithia alitaja visima kuliko miji. Mimi dirishani sikuona kisima hata kimoja. Niliona nyika tu, na sura ya Ndalahwa.

Dar es Salaam sikukaa. Nilipata lori la nazi lililokuwa linarudi tupu, na siku ya nne tangu nitoke nyumbani nikashuka Bagamoyo. Sokoni niliuliza nani anaanika chewa wa kupeleka bara. Wakanionyesha mama mmoja pwani, amekaa kwenye gogo, kisu mkononi, magamba mpaka kwenye nyusi. Jina lake Bi Zuhura, Mzaramo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Mnyamwezi, sura yako inasema. Mbona huna mzigo? Nani kakuibia kichwa?"

Msiojua niwaambie: sisi na Wazaramo ni watani, tangu siku za misafara ya wazee wetu. Mtani atakutukana utake usitake, na kukasirika hakuna. Lakini ukimfikia na shida, hana ruhusa ya kukufukuza.

"Nina msiba, mtani," nikasema.

Akaweka kisu chini. Nikamweleza yote, watu tisa, beseni, wale weupe, Nyanzala. Nilipomaliza akachukua chewa mbichi, aliyevuliwa asubuhi ile upande wa ndani wa mwamba, kwenye maji yaliyotulia.

"Unaona nini juu yake?"

"Samaki."

"Macho ya bara hayo."

Akachota maji ya kisima kwa kata, akammwagia ndani ya sinia. Tukangoja, muda wa mtu kuwasha kiko. Basi ngozi ile niliyoiona safi ikaanza kutoa madoa meupe. Madoa yakajikunja pembeni, yakaachia moja moja, yakabaki yanaelea kwenye sinia. Bapa, kama kucha za mtoto.

"Kupe wa chewa," akasema. "Tunamwita hivyo. Anajibandika juu ya ngozi, anakula hapo hapo. Kwenye chumvi humwoni, yuko kama maji yenyewe. Maji ya kisima yakimgusa anageuka mweupe. Sisi tunawaosha wengi, wengine wanakaukia kwenye ng'onda. Nyinyi mkiloweka huko kwenu, wanavimba, mnawaona."

"Wanaua?"

"Wangekuwa wanaua, mji huu ungekuwa makaburi mpaka sokoni." Akaokota mmoja kwa kidole, akamtia mdomoni, akatafuna akinitazama. "Zamu yako. Au Mnyamwezi hali mpaka atwishwe kwanza?"

Nilikula. Hakuna ladha, chumvi tu. Nikakaa kwake siku nne, kila siku nakula kupe wale na kujisikiliza tumbo. Tumbo lilinyamaza.

Siku ya tano alinifungia chewa wakavu wa kwenda nao, wengine nimewachagua mwenyewe, wenye kupe waliokaukia. Aliwapanga ndani ya kanda la ukindu akalishona mdomo kwa sindano kubwa.

"Mbona usitie kwenye gunia? Ni rahisi zaidi."

"Samaki wangu hawatoki hapa kwenye gunia. Kanda nimelisuka mimi. Gunia unajua limetoka wapi?"

Nikasimama kama niliyepigwa. Dukani kwa Lukas samaki walikuwa kwenye gunia, na gunia hilo ndilo alilolitwaa mwanangwa.

"Wa kwetu walikuwa kwenye gunia, mama."

Akaacha kushona. "Basi kupe hao wakaonyeshe tu kwamba hawana kosa. La kuuliza ni hilo jingine. Na ukiuliza, mtani, usiulize kwa hasira. Uliza kama mtu anayetaka chumvi."

Njia ya kurudi sikumbuki mengi. Nilililalia lile kanda. Igalula nilishuka siku mbili kabla ya mwezi kuandama, nikatembea mpaka kijijini nikiwa nimefunga vitambaa miguuni.

Siku ya baraza mtemi alikaa kwenye kiti chake, Petro kwenye meza na kalamu, Nyanzala kwenye jamvi. Niliomba beseni na maji. Nikaloweka samaki wa Bi Zuhura mbele ya wote. Walipotokea wale weupe watu walinung'unika, wengine wakasogea nyuma. Nikawaokota, nikawatafuna mmoja baada ya mwingine, nikanywa na maji yake.

"Amekula dawa huko pwani," Petro akasema, na baadhi wakacheka.

"Karani, kazi yako kuandika," mtemi akasema.

Tukakaa mpaka jua likawa utosini. Sikutapika. Hapo nikaomba gunia la ushahidi lifunguliwe, nikatoa kipande kidogo nikampelekea Lukas.

"Huyu ni samaki wako. Onja kidogo, tuwe sawa."

"Tumbo langu si zima leo."

"Kidogo tu, kama kucha."

"Onja," mtemi akasema.

Lukas alimtazama Petro. Petro alitazama karatasi. Kisha Lukas akasema kwa sauti ya chini, "Gunia nililikung'uta. Nililikung'uta vizuri."

Hakuna mtu aliyemwuliza habari za gunia. Mtemi ndiye aliyemwuliza sasa: kabla ya samaki, lilikuwa na nini? Likatoka polepole. Dawa ya unga, ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wao wafe. Kanda la samaki kutoka pwani lilikuwa limelowa mvua kwenye behewa, akahamishia samaki kwenye gunia la kwanza aliloliona. Watu walipoanza kufa alimwendea shemeji yake, na Petro akamwambia anyamaze, yeye atatafuta la kusema. Ndipo Petro akaja kwetu, akaliona beseni.

Nyanzala aliachiwa siku ile ile, na Lukas akapelekwa bomani Tabora. Petro alihamishiwa baraza jingine, na kalamu bado anayo. Mimi nimejifunza hivi: chakula kikiua, fuata mikono yote iliyokishika kabla hujalaumu kiumbe kisichoweza kujitetea, awe kupe au awe mke wa mtu.

Kabla ya kuhama, Petro alifika uani kwetu, kofia mkononi.

"Mama Holo, tusameheane."

Nyanzala alikuwa anatwanga, hakuacha. "Mimi nilikukosea nini, Petro?"

Petro akaivaa kofia yake, akaenda zake. Nami nikachukua jembe nikaenda shamba la marehemu Ndalahwa, kwa sababu magugu yalikuwa yameshafika magotini.