Beseni Moja, Maisha Tatu

Nikisikia harufu ya esanse, yaani petroli, ikichanganyika na pumba mbichi za mpunga, mate hunijaa kinywani na hasira hunijaa kifuani, vyote kwa pamoja. Hiyo njo harufu ya kiwanja cha Faraji, mtaani Kasuku, hapa Kindu, wakati nchi ingali Zaire.

Niwaambie Faraji alikuwa nani, maana wako wanaomtaja hata leo kwa heshima. Alikuwa mfanyabiashara wa mchele na mkubwa wa chama katika mtaa wetu. Alivaa abakosi, ile suti rasmi ya utawala, hata kwenye jua kali, na ukisahau kumwita Sitwayeni, yaani Raia, heshima ya enzi ile, ulikumbushwa. Siku moja alileta kutoka Kisangani televisheni na mashine ya mchezo, akaviwasha kwa groupe, ile mashine yake ya umeme. Kwenye kioo kagari kadogo kalikimbia kakikwepa mawe, kakitafuta daraja. Ukigonga jiwe, umepoteza maisha. Kila mtoto alipewa maisha tatu. Bei yake? Beseni moja la mpunga uliotwangwa na kupepetwa. Mpunga wake yeye, siyo wako.

Tulitwanga, ndugu zangu! Malengelenge yalitoka, yakapasuka, tukatwanga juu yake. Shule niliiacha darasa la nne, na sitasema ni umaskini peke yake. Na kila nilipoliona daraja kwa mbali, groupe ilikohoa ikazima.

"Esanse imeisha!" Faraji alisema, mkono ungali nyuma ya mashine. "Bado kidogo tu ungefika, mutoto. Kesho utwange ingine."

Lile "bado kidogo" lilinivuta kuliko njaa.

Mchana mmoja mama, aliyekuwa na mtoto mchanga, aliniomba nitwange mpunga wetu wa chakula. Nikalia: "Mama, uniache niende! Nimebakia na maisha moja tu!"

Koko, yaani mama yake mama, akaangusha ungo. "Astaghfirullah! Nani amemuhesabia huyu mutoto maisha?"

"Ni Faraji, koko. Mbili zilikwisha jana. Moja ananiwekea."

Alikwisha kujitanda mtandio aende kumwita mwalimu wa chuo cha Kurani aje kunisomea dua, ndipo mama, akijishika mbavu kwa kicheko, akamweleza mchezo ule, na namna groupe ilivyozima kila nilipokaribia daraja. Koko hakucheka. Alivifungua viganja vyangu akavitazama.

"Kwa hiyo yeye anawapa maisha, nanyi munamupa mikono. Na ukikaribia kufika, anazima." Akanitupia mchi. "Uite wenzako. Kinu iko hapa. Hii haina esanse ya kuisha."

Tukatwanga watatu kwenye kinu kimoja, michi ikipishana. Mchi wako ukigonga wa mwenzako, umepoteza maisha. Koko alipiga makofi polepole, kisha haraka, kisha haraka ya kishetani, huku akitutukana kwa mapenzi: "Mikono ya mulenda hiyo!" Baada ya siku chache watoto wa mtaa mzima walikuja na mpunga wa mama zao, na kwa Faraji groupe ikanguruma peke yake.

Akaja mwenyewe. "Huu mukutano, nani alitoa ruhusa?"

Wakubwa waliinamisha macho. Kwa neno lake mtu aliweza kulala jela. Koko hakuacha kupiga makofi.

"Ni mukutano wa mupunga, Sitwayeni. Ushike muchi, ao utupishe. Unaziba upepo."

Mtu mmoja akacheka, kisha kiwanja kizima. Faraji akalainika. "Watoto, leo esanse iko mingi! Beseni moja, maisha tano!"

"Ujiwekee weye, Sitwayeni," nikajibu, "uzeeke vizuri!"

Aliondoka akisindikizwa na michi. Msimu ule mpunga wake ulitwangwa na wake zake, na sisi tulikula wetu.

Sitawadanganya: televisheni ilikuwa tamu kuliko kinu. Siku ile nilidhani tumeshinda kwa sababu ya ulimi wa koko. Nilikuja kuelewa nikiwa na watoto wangu, wakiinamia simu kama nilivyokiinamia kile kioo. Si kagari kalikonivuta. Ilikuwa raha ya kupita leo pale niliposhindwa jana, na wenzangu wakiona. Raha hiyo nilizaliwa nayo. Faraji aliikuta kwangu, akaichukua, akaniuzia vipande vyake, nami nilikuwa namshukuru. Wanangu wanacheza, lakini hawajamshukuru mtu wa namna hiyo. Nimewafundisha mapema, kabla hata hawajajua kusoma, kwamba raha hiyo ni yao, si ya mwenye mashine.