Mtupime: Fundi wa Sokomuhogo na Bei ya Umeme

Saa mbili na nusu asubuhi, mlango wa chumba cha chini katika kichochoro cha Sokomuhogo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, uko wazi mabawa yote mawili. Ndani, Bi Mwatima Usi ameinama juu ya cherehani yake, kidole cha shahada kikiongoza kitambaa cheupe kuelekea sindanoni. Mshono unazunguka mfuko wa kanzu, unafika mwisho. Kabla hajakata uzi, anainua uso na kutazama ukutani.

Ukutani hapo hakuna saa wala picha. Kuna mita ya umeme wa kulipia kabla, ile ambayo Waunguja huiita tukuza.

“Uniti kumi na moja nukta mbili,” anajiambia, kisha anakata uzi.

Mdogo wake, Tahiya, aliyekaa mkekani akikata vitambaa, anacheka bila ya kuinua kichwa. “Dada yangu huyu ana vibla viwili, Mungu anisamehe. Kimoja cha kuswalia, na kingine kile pale.”

“Astaghfiru, mtoto we,” anajibu Bi Mwatima, naye kicheko kimeshamtoka.

Leo ana sababu ya ziada ya kutazama. Saa nne atapokea wageni, wajumbe watatu wa kamati inayopitia bei za umeme. Wanakuja kusikiliza ombi aliloliandika kwa niaba ya watu wenye ulemavu arubaini na sita wa mjini na mashamba: kwamba mtu ambaye umeme kwake ndio mguu, au ndio pumzi, apangiwe bei anayoimudu. Wajumbe wakiridhika, ombi litasonga mbele. Wasiporidhika, jalada litafungwa.

Bi Mwatima ana umri wa miaka arubaini na tisa. Alizaliwa Muyuni, kusini mwa Unguja, na polio ikamlemaza miguu yote miwili kabla hajatimiza miaka mitano. Mama yake alimbeba mgongoni kwenda chuo cha Kurani hadi akakhitimu. Kushona alifundishwa na shangazi yake, Bi Sichana.

“Shangazi alinikalisha mbele ya cherehani ya mkono, akaniambia, shona mpaka niseme basi,” anasimulia. “Amekufa, Mungu amrehemu, na basi hajaisema.”

Cherehani ya mkono huzungushwa kwa mkono mmoja, na mkono mmoja tu ndio unaobaki kushika kitambaa. Kanzu moja ilimchukua siku tatu. Baada ya miaka kumi na sita bega la kulia lilimuuma hata akashindwa kuuinua mkono kwa takbira. Daktari alimkataza. Cherehani ya kukanyaga inataka miguu. Ikabaki ya mota.

Pasi nayo ni hivyo hivyo. Mafundi wengi bado wana pasi ya mkaa, nao husimama wakaipunga hadi makaa yakolee. Yeye hunyoosha nguo akiwa amekaa. Na baiskeli yake ya magurudumu matatu, inayompeleka sokoni na msikitini kwenye darsa, inakwenda kwa betri. Katika kila shilingi elfu kumi anazopata, karibu elfu tatu hurudi ukutani.

“Jirani yangu Muhiddin, fundi wa pale mkabala, anakanyaga bure,” anasema. “Simhusudu, miguu kapewa na Mola wake. Lakini mimi mguu wangu nnaununua kila wiki, na bei yake ni ile ile ya mtu anayewasha taa za bustani.”

Safari ya ombi hili ilianza mwaka jana, na ilianza kwa kosa.

Aliyemsaidia kutunga barua ya kwanza ni Ustadh Mcha, mwalimu wa chuo cha Kurani asiyeona, anayekaa kichochoro cha pili. Ustadh Mcha anajulikana mtaa mzima kwa jambo moja: akisomewa namba ishirini za tukuza mara moja tu kwenye simu, huzihifadhi na kuziingiza mwenyewe kwa vidole. Kijana mmoja aliwahi kumuuliza barazani, kwa kejeli, kipofu anataka umeme wa nini.

“Mimi sioni,” alijibu, “lakini wanafunzi wangu thalathini wanaona, na baada ya magharibi wanataka kuiona alifu.”

Katika barua hiyo Ustadh Mcha alishikilia adabu. Aliandikisha, “Tunakuombeni mtutazame kwa jicho la huruma,” na chini yake akatia beti mbili za kwake, zenye mishororo hii:

Umeme ndio mguu, si pambo la ukutani;
Ukinitoka mguu, nabaki hapo kitini.

Barua iliwasilishwa ofisi ya umeme tarehe tatu Ramadhani. Tarehe kumi na mbili, gari ndogo ilisimama mwisho wa kichochoro. Vijana wawili walishusha gunia la mchele, sukari, mafuta na tende, na mpiga picha akiwafuata nyuma. Karani aliyeipokea barua aliona ulemavu, akaona huruma, akaona na mashairi. Aliitia katika jalada la sadaka za mwezi mtukufu.

“Ningelikataa vipi?” anauliza Bi Mwatima. “Chakula kishaingia mlangoni, na saumu imetukaa kooni.”

Aliupika mchele wote. Aliwafuturisha wenzake waliotia majina katika barua, waliojaa chumbani hadi barazani, na akamwalika ofisa aliyeuleta mzigo, mwanamke mchanga aitwaye Nadra.

“Shikamoo Bi Mwatima,” Nadra alisema alipoketi. “Nimekuja kula nilichokuleteeni mwenyewe.”

“Marahaba mwanangu. Futuru kwanza. Kisha uniambie, barua yangu ilikuwa inasema nini?”

Nadra aliirudisha tende sahanini. Hakuwa ameisoma; aliagizwa tu. Bi Mwatima alimpa nakala, naye akaisoma kwa sauti pale pale mkekani, neno kwa neno, mpaka kwenye beti. Alipomaliza aliikunja nakala. Aliyeanza kucheka alikuwa Ustadh Mcha.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nimeomba jicho la huruma, nao wametutazama kwa huruma. Tunamlaumu nani?”

Barua ya pili ilileta ubishi wa wiki nzima. Ustadh alidai kuwa barua isiyo na unyenyekevu ni sawa na kuingia nyumba ya watu bila ya hodi. Bi Mwatima alimjibu kuwa hodi atapiga, lakini akifunguliwa hatonyoosha kiganja. Neno alilolitaka hakulipata vitabuni. Alilipata mezani pake, siku mteja alipoinua mikono ili achukuliwe vipimo.

“Mtu akiingia hapa simtazami kwa huruma. Nampima,” anaeleza. “Mwenye mkono mfupi namkatia mkono mfupi. Ningelishona kanzu ya kipimo kimoja nikaivisha Unguja nzima, nani angelisema nimetenda haki?”

Basi barua ya pili iliandikwa, “Tunakuombeni mtupime.” Ustadh Mcha alilikariri neno hilo mara tatu, akaliridhia, kwa sharti kwamba beti zake zibaki. Zilibaki. Nadra aliipeleka kwa mkono wake. Majibu yalipokuja, wahusika waliitwa ofisini, ghorofa ya pili, kwa ngazi. Bi Mwatima aliandika tena kwa upole kwamba yeye habebwi tena tangu mama yake alipofariki, na kwamba chumba chake hakina ngazi.

Ndiyo maana saa nne na dakika kumi, kamati inapiga hodi Sokomuhogo.

Mkubwa wao ni Bwana Mudrik, mtu mzima wa makamo, mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Nadra yumo miongoni mwa wajumbe. Ustadh Mcha keshafika na ameketi barazani. Baada ya salamu, Bwana Mudrik anainamia mota na kusoma kibati chake.

“Hii, Bi Mwatima, inakula umeme mdogo sana. Jokofu linaishinda.”

“Kweli kabisa,” anakubali mwenyeji wake. “Basi kaeni mupime wenyewe. Kanzu hii imebaki mikono na kupigwa pasi.”

Wanakaa. Tahiya anamimina kahawa. Mita inasoma kumi na moja kasoro nukta moja wakati mota inapoanza kuvuma. Mikono inapomalizika, namba imeshuka kidogo mno, na Bwana Mudrik anatikisa kichwa kama aliyekwisha shinda hoja. Kisha pasi inawashwa. Kanzu ya pamba haitaki haraka; inanyooshwa mgongo, kifua, mikono, ukosi. Betri ya baiskeli nayo inachajiwa pembeni. Kanzu inapokunjwa, mita inasoma tisa nukta saba.

“Mota inakula kidogo,” anasema Bi Mwatima. “Sikusema nnashonea mota peke yake.”

“Na pasi ya mkaa?”

“Nliwahi kuwa nayo.” Anamgeukia mdogo wake. “Tahiya, ilete ile kanga.”

Tahiya anaikunjua kanga kuukuu yenye matundu meusi. Bwana Mudrik anayahesabu kwa ncha ya kalamu. Ni saba.

“Cheche zikiruka, fundi mwengine naye huruka. Mimi nlikuwa nimekaa, na kanga mapajani,” anasema Bi Mwatima.

Bwana Mudrik anaandika kwa muda mrefu. Kisha anafunga daftari. “Barua inasema mtupime. Nshapima mmoja. Wamebaki arubaini na watano. Siwezi kulipeleka ombi mbele kwa kanzu moja, wala siwezi kulifunga. Tutawapitia wote, nyumba kwa nyumba, kisha tutasema kitu chenye namba.”

“Anzeni na mimi,” Ustadh Mcha anaita kutoka barazani. “Mimi sitawaona mkija, nitawaona hesabuni.”

Wote wanacheka, hata Bwana Mudrik, ambaye anajikuta anauliza bei ya kushona kanzu. Bi Mwatima anamwita karibu, anamwamuru ainame, na anamzungushia futi mabegani.

“La kushoto liko chini kidogo. Ulikuwa unajua?”

“Sikuwa najua.”

“Nitalikata kwa kadiri yake.”

Wageni wakishaondoka, anapanga siku zake. Wiki ijayo yeye na Ustadh watawatangulia wajumbe Mwanakwerekwe, kisha watakodi gari hadi Muyuni, ili kila mwenye jina awe tayari na ajue la kueleza. Anajua kazi ya kupima ni ndefu, na jibu halina tarehe. Akiulizwa bei ikipungua atafanya nini, hasemi atanunua kitu.

“Nataka siku moja nishone kanzu nzima, tangu pindo hadi ukosi, bila ya kutazama ukutani,” anasema. “Siku moja tu nione inakuwaje.”

Anaivuta kanzu nyingine. Mshono unakwenda, unafika mwisho, na uso unainuka wenyewe kwa mazoea. Mita haionekani. Tahiya ameifunika kwa ile kanga ya matundu saba.

“Leo tu, dada,” anasema, bila ya kuinua kichwa.

Bi Mwatima anaitazama kanga, anaguna, na anakata uzi.