Nilimpokonya Binti Yangu Maiki Mbele za Watu

Jamani, nikiri mwenyewe kabla hamjaniuliza. Nilimharibia mwanangu siku yake, tena jukwaani nilipanda kwa miguu yangu, hakuna aliyenisukuma.

Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako. Mkiniona na tepu shingoni mnaweza kudhani nilizaliwa na sindano mkononi. Wapi! Nikiwa sekondari nilikuwa mwanahip-hop. Nilivaa suruali ya kaka yangu, mkono mmoja umeshika maiki, mwingine umeshika suruali isianguke.

Enzi zetu biti ilikuwa nzito na ya polepole, kazi yote ilikuwa kwenye mistari. Ukikosa vina unashushwa. Baadaye wakaja na viitikio vya kuimba, tukanuna. Wakaja na mapenzi kila wimbo, tukanuna zaidi. Mimi nikaolewa, nikaendelea kununa huko huko.

Sasa binti yangu, nimwite Neema ingawa si jina lake, anafanya trap, hiyo hip-hop ya vijana wa sasa. Besi inatikisa bati, vichuma vya ngoma vinakimbia tikitikitiki, sauti inapitishwa kwenye mashine mpaka humjui mwanao. Akifanya mazoezi chumbani, mimi huku nashona nampigia kelele: "Tamka maneno, mwanangu! Una jino bovu?"

Wateja wanacheka. Yeye anafunga mlango tu.

Mama yangu alipokuja kutoka kijijini Kichiwa na viazi vyake akaniambia, "Muache mtoto. Wewe ulipokuwa unaimba nilijua unagombana na mtu. Nilitoka nje kuangalia ni nani." Nikamjibu kwamba haelewi muziki. Kiburi hicho, mnakiona?

Likaja shindano la vipaji, ukumbini Njombe. Neema akaniomba kitu kimoja: "Mama, njoo ukae mbele. Usikilize tu."

Nikasema sawa. Nikavaa lile jaketi langu la zamani, linalonifika magotini. Hapo tu Neema angeshtuka.

Akaanza. Vijana wakatikisa vichwa. Mimi nasikia besi, nasikia ye-ye, maneno siyasikii. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akauliza, "Anasema nini huyu?" Basi damu ya zamani ikanipanda. Nikapanda jukwaani, nikampokonya maiki, nikasema, "Ngojeni niwaonyeshe hip-hop." Nikaanza kutema mistari yangu ya sekondari juu ya biti ya mwenyewe.

Biti haikunisubiri. Mimi natembea, yenyewe inakimbia. Mstari wa tatu nikausahau. Watu walishika mbavu kwa kicheko, na mimi mjinga nikadhani wananishangilia. Nilipogeuka, Neema hayupo. Alishatoka kwa mlango wa nyuma.

Majaji wakasema wimbo haukuisha, hawana cha kukipa alama. Njia nzima ya kurudi Makambako hakunisemesha. Hakugomba, hakulia. Angegomba ningepona. Tangu siku hiyo hajaimba tena nyumbani. Akitaka kurekodi anapanda gari kwenda kwa rafiki yake Njombe, mimi naachiwa chai kwenye chupa.

Juzi kijana mmoja kaniletea suruali niipunguze, simu yake inapiga muziki. Wimbo ukaanza na sauti ya mwanamke mkali: "Tamka maneno, mwanangu!" Halafu besi ikashuka. Nikajichoma sindano. Ni mimi huyo. Kumbe nilipokuwa nabwata, yeye nyuma ya mlango alikuwa ananirekodi.

"Huyo mama wa mwanzo tunamkubali sana," kijana akaniambia. Nikamwomba aurudie.

Nikaacha kukanyaga cherehani, nikasikiliza bila kucheka. Ndio ule ule wa ukumbini, sauti yangu tu ndiyo kaiongeza mwanzoni. Na maneno yalikuwepo. Yamevutwa, yamekatwa, lakini yapo. Anasema baba alikwenda Mchuchuma kusubiri kazi ya makaa ya mawe, akasubiri mpaka akatusahau. Anasema mama aliinamia kitambaa tangu alfajiri, na yeye akalelewa na mdundo wake. Vile vichuma nilivyokuwa navicheka, tikitikitiki, si vichuma. Ni cherehani yangu. Aliirekodi huku nikimdharau.

Wimbo wangu, jamani. Na mimi ndiye niliyeukatisha.

Nimemwomba msamaha. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea kumenya viazi. Nyie wenye mabinti mnaijua "sawa" ya namna hiyo.

Wenzangu mliokula chumvi kidogo, mtoto akikuomba umsikilize, kaa chini, na jaketi liache nyumbani. Msifikiri muziki ulikufa siku mlipoacha kuuimba. Vijana wa stendi sasa wakiniona wanapaza sauti, "Tamka maneno!" Nawapungia mkono, nimeshakuwa staa.

Lakini jioni nikishona naacha kila baada ya mshono mmoja, natega sikio kwenye ule mlango wa Neema. Bado kimya.