Jeli ya Salvina na kilima cha Mweka

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala migombani Kibosho. Salvina Kimario anateremka na ndoo ya maziwa kichwani bila kuishika, pakiti ndogo ya jeli ya wakimbiaji ameibana kwa meno. Anafyonza, anashushia maji mafundo mawili, anaendelea na safari.

"Jeli siyo kitu cha kujaribia siku ya mashindano," anasema. "Ikikukataa, ikukatae huku, karibu na choo cha kwenu."

Salvina, mwenye miaka 31, hukusanya maziwa ya majirani na kuyapeleka kituo cha ushirika. Jioni hukimbia. Mwaka jana, kwenye mbio ndefu za mjini Moshi, misuli ilimkaza akipandisha Mweka, akaanguka kando ya barabara na kurudishwa nyumbani amebebwa. Mama yake, Bi Hilda, hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba akiletwa hivyo tena, mbio zimekwisha. Na Bi Hilda akishasema, amesema.

Kocha wake, Tito, alimweleza kuwa jasho lilimmaliza chumvi, hivyo atafute jeli yenye sukari pamoja na madini ya chumvi. Za dukani Salvina aliziona ghali. Akaponda ndizi mbivu, akatia asali, kisha magadi yawe ndiyo chumvi, yaleyale yanayolainisha maharage ya kiburu, mseto wa ndizi na maharage. Jiko gani la Kichagga halina magadi?

Mazoezi ya siku hiyo yaliishia kwenye shamba la kahawa la jirani, tumbo likimwendesha. "Niliujua kila mbuni wa Mzee Valerian," anasema, na kicheko kinaitikisa ndoo.

Tito naye alicheka, kisha akamfundisha kusoma pakiti. Aangalie sodiamu kwanza, ndiyo chumvi yenyewe, kwa sababu jeli nyingine ni utamu mtupu. Salvina akakubali gharama, akazijaribu moja moja kwenye njia yake ya maziwa. Yenye kafeini ilimpeleka moyo mbio, akaiacha. Nzito ilimganda kooni. Ikabaki hii ya limau, nyepesi, yenye chumvi ya kutosha, ambayo tumbo lake liliipokea bila ugomvi.

Mwaka huu, siku ya mbio, Bi Hilda alikwenda kusimama palepale alipoangukia bintiye, blanketi mkononi endapo angeanguka tena. Salvina alimwona kwa mbali. Akafyonza jeli, akanywa maji, akasubiri miguu ikaze. Haikukaza.

"Shikamoo, mama," alisema akipita, akaendelea kupanda. Mbio alizimaliza kwa miguu yake mwenyewe.

"Nilimwitikia ameshapotea kwenye kona," anasema Bi Hilda, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Marahaba yenyewe ilitoka na machozi. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba mzigo, nikautua pale barabarani."

Mwakani Salvina anataka kukimbia tena, kwa kasi zaidi, na tayari ameanza mazoezi. Mama yake ana mpango wake pia.

"Nitamsubiri uwanjani, anapomalizia," anasema. "Blanketi litabaki kitandani."